Mtu Mzima wa Kawempe

Kawempe, Kampala
5 Januari 2025

Wifi yangu Rosebella,

Salamu nyingi kutoka kwangu na kwa Aluoch, ambaye sasa hivi amekaa mlangoni anamenya matoke na kuimba vibaya. Natumaini Okullo ataifikisha barua hii kabla hajaanza kuzunguka Kisumu na mizigo ya watu. Nimempa mkononi, nikamwambia akiipoteza nitamfuata hadi ndani ya basi lake, na ananijua.

Nimekupigia simu tangu Krismasi, hupokei. Siku ile uliyopokea tulipigiana kelele tu, mimi nasema hiki, wewe unajibu kile, mpaka salio likakata. Nikasema basi, niandike. Polisi tulifundishwa kwamba jambo zito linaandikwa, maana la mdomo kila mtu analikana.

Jambo lenyewe ni mjukuu wetu. Tangu tumzike mama yake huko kwenu, Aluoch yuko kwangu, na kila mtu anasema "kwa sasa". Kwa sasa, kwa sasa, mwaka umeisha. Juzi Bonny alipiga kutoka Dubai, huko anakolinda mlango wa jengo la watu, nikamuuliza mtoto wake akae wapi. Akasema, "Mama, nyinyi wazee mtaamua, wewe na Aunti Rose. Mkikubaliana mimi sina neno." Nilikasirika, maana mtoto ni wake. Halafu nikaona mkataba wake hauishi leo wala kesho, na mtoto hawezi kusubiri mkataba.

Mume wangu Okinyi hayupo. Wewe dada yake ndiye mkubwa wa nyumba yenu, na Aluoch amebeba jina la mama yenu. Najua wewe humwiti mjukuu, unamwita Mama, na hilo naliheshimu. Kwa hiyo simchukui kwa nguvu, naomba neno lako. Lakini nisikufiche ninachotaka. Nataka abaki hapa. Asome hapa Kawempe, alale chumbani kwangu, nimwone akikua.

Uliponiona mazishini nilikuwa na fimbo, goti limevimba, na wewe ukaniambia kaa, kaa, kaa. Usinipime kwa siku ile. Hata hapa mtaani wana ugonjwa huo huo. Tangu nivue magwanda kila mtu amenibadilisha jina. Okidi, mwenyekiti wa mtaa, ambaye zamani alikuwa akisimama wima akiniona, sasa ananiambia kwa Kiswahili chake cha mtaani, "Mama, wewe sasa mzee, nakaa tu chini, wacha vijana nafanya." Nikamwambia, "Okidi, mimi ni Afande. Mzee ni baba yako." Akacheka. Mimi sikucheka.

Naomba jibu kabla shule hazijafunguliwa.

Wako,
Lanyero (Sajini mstaafu)


Kisumu
16 Januari 2025

Mama Bonny mpendwa,

Bwana asifiwe. Barua yako nimeipata, imekunjwakunjwa na inanuka samaki, maana Okullo aliichanganya na mzigo wa mtu. Nimeisoma mara kadhaa. Kuhusu simu usisumbuke, mtandao wa hapa ni mbaya. Karatasi ni bora.

Nashukuru kwamba umenikumbuka katika jambo la Mama. Wengine wangeamua tu kisha wakatutumia salamu. Marehemu ndugu yangu angefurahi kuona tunaongea kwa heshima, na mimi nataka tuendelee hivyo, kwa hiyo sitasema maneno mengi.

Nimeomba na nimefikiri. Mama Bonny, wewe sasa ni mtu mzima. Tuseme ukweli. Si yule niliyekuwa nikimjua. Nilipofika hapo katika mawazo yangu, nikaona jambo la Mama limejiamua lenyewe. Nadhani umenielewa bila mimi kuendelea, kwa sababu mengine si ya kuandika. Fanya inavyopasa kabla shule hazijafunguliwa. Okullo atakuwa huko mwanzoni mwa Februari, nimeshasema naye.

Mimi nina amani, na ninakuombea nguvu.

Wifi yako,
Rosebella


Kawempe, Kampala
6 Februari 2025

Wifi yangu, wifi yangu Rosebella,

Mungu akuzidishie! Barua yako nimeisoma nimesimama, kisha nikamsomea Aluoch, kisha nikaenda kumsomea Safinah, jirani yangu anayeuza mkaa, hata kabla hajaniuliza. Nilikuwa nimejiandaa kwa vita, na wewe umeniletea amani. "Wewe sasa ni mtu mzima. Si yule niliyekuwa nikimjua." Hakuna aliyeniambia neno tamu kama hilo tangu nistaafu. Hawa wanaoniona kila siku wananiona mgonjwa, na wewe uliye mbali ndiye uliyejua kwamba nimepona.

Ni kweli, mimi ni mzima. Goti lilitulia tangu Agosti. Fimbo nimempa Safinah, anafukuzia mbuzi wake. Juzi maji yalipokatika nilibeba madumu kutoka bondeni, moja mkono huu na moja mkono huu, Okidi akiwa amesimama pale pale anaangalia. Sikumsalimu.

Nimefanya inavyopasa kama ulivyosema. Aluoch ameandikishwa darasa la tatu katika shule iliyo hapa juu, unapanda kilima kidogo tu. Wanafundisha na Kiswahili, mwalimu ni Mkongomani anaitwa Guerschom, mtu mpole mwenye suruali fupi kuliko miguu yake. Nilikwenda soko la Owino nikapata sweta ya bluu, viatu, na begi la mgongoni lenye picha ya mtu nisiyemjua, lakini zipu yake ni nzima. Nimemtundikia nguo zake ukutani pale yalipokuwa magwanda yangu. Asubuhi anapiga kwata kidogo uani kabla ya chai, kushoto kulia, nyuma geuka. Watoto wa mtaa wanamwita Kuruta, na anajivuna nalo.

Jana aliniuliza kama wewe, Dani, bibi yake wa Kisumu, hujakasirika. Nikamwambia Dani ndiye aliyetoa ruhusa, na siku moja utamshukuru kwa mdomo wako mwenyewe. Amefurahi.

Okullo alipofika alisimama mlangoni kama mtu aliyesahau kitu, akauliza, "Na mtoto je?" Nikamwambia mtoto yuko sokoni na Safinah, amekukosea nini? Akakuna kichwa. Nikampa kopo kubwa la odii, ile siagi ya simsim na karanga unayoipenda, nimeisaga mwenyewe kwenye jiwe. Kula na viazi vitamu.

Mtu mzima wako,
Lanyero


Kisumu
15 Februari 2025

Afande Lanyero,

Nimepokea odii badala ya mtoto.

Nilikwenda stendi mwenyewe na leso ya kumfunika, maana asubuhi ile kulikuwa na baridi ya ziwani. Okullo akashuka, akafungua mlango wa mizigo, akanipa kopo. Nikamuuliza Mama yuko wapi. Akapandisha mabega. Nilisimama pale nimekumbatia kopo na watu wananipita. Siku hiyo sikula kitu.

Nyumbani nilikuwa nimeshatandika kitanda na kufunga chandarua kipya. Nilikuwa nimezungumza na mwalimu mkuu wa shule iliyo karibu na kanisa. Majirani nao nilikuwa nimewatangazia kwamba Mama anarudi, na sasa wananiuliza, na mimi nakohoa.

Unajifanya huelewi Kiswahili? Miaka yote umekitumia kutoa amri. Nilikuandikia kwamba wewe ni mtu mzima. Mtu mzima, Lanyero! Maana yake umezeeka. Nani asiyejua? Sikutaka kukuita mzee, wala ajuza, kwa sababu wewe ni mke wa ndugu yangu. Nikachagua neno la adabu, na wewe ukalichukua ukaenda nalo bondeni kubeba madumu. Nilisema si yule niliyekuwa nikimjua kwa sababu yule niliyemjua alikuwa anaruka ukuta, na huyu wa mazishini hakuweza kuinuka kitini bila kushikwa.

Mtoto hawezi kulelewa na mtu ambaye mwenyewe anahitaji kushikwa. Mama yangu arudi nyumbani. Nakuomba mara ya pili, na sasa nimeandika wazi kabisa.

Rosebella


Kawempe, Kampala
26 Februari 2025

Wifi Rosebella,

Nimeisoma. Nimekaa chini kidogo. Kisha nimeinuka, bila kushikwa.

Sikujifanya. Kiswahili changu nilikipata kambini nikiwa msichana ambaye hata salamu yake hakuijua. Kila asubuhi sajini meja alipita mbele yetu akiuliza, "Mzima?" na wewe unajibu, "Mzima, afande!" Asiye mzima alitoka mstarini akaenda kwa daktari. Hiyo ndiyo maana niliyoishi nayo miaka yote. Mtu mzima ni mtu aliyekamilika, asiye na ugonjwa, anayeweza kazi. Uliponiita hivyo nilijivuna, nikawasomea majirani, na sasa unaniambia nilikuwa natangaza uzee wangu mtaa mzima.

Nilitaka sana wewe ndiye uwe umekosea. Nikampelekea Mwalimu Guerschom barua yako, nikaikunja ili aone mstari ule tu. Bahati mbaya wiki ile ile alikuwa amewafundisha watoto maneno ya kinyume. Refu, fupi. Moto, baridi. Halafu akaandika mtoto, akawaachia nafasi wajaze. Nusu ya darasa waliandika mzee. Kuruta wetu aliandika afande, akapata kosa. Jibu la mwalimu lilikuwa mtu mzima. Nikamuuliza, "Sasa, mwalimu, mtu mzima ni mzee ao hapana mzee?" Nilisema "ao" badala ya "au", kama Wakongomani wenzake, ili asinikwepe. Akasema, "Mama, inategemea nani anasema, na anamwambia nani. Kwa kijana, ni kusema amekomaa. Kwa mtu kama mama, ni kusema mzee kwa adabu." Akatazama viatu vyake.

Basi kwenye neno umeshinda. Nakubali, nililisoma vibaya. Kwenye mtoto hujashinda.

Nimetembea na neno hilo wiki nzima, na swali langu ni hili. Kama mzee ni kinyume cha mtoto, kwa nini mnanifanyia kama mtoto? Mtoto ndiye anayeambiwa kaa hapa, usibebe, utaanguka. Mtoto ndiye anayeamuliwa mambo yake huku amewekwa pembeni, halafu anaambiwa ni kwa faida yake. Nilipokuwa na cheo hakuna aliyethubutu. Nimevua magwanda tu, Okidi ananipokonya ndoo, Bonny ananisemesha polepole kwenye simu utadhani mimi ndiye Aluoch, na wewe unaniandikia mstari mzuri wa adabu ili unichukulie mjukuu. Na yeye, wa darasa la tatu, ambaye bado anang'oka meno, ndiye mnayemwita Mama. Jina hilo sina ugomvi nalo, ni la mama yenu. Lakini naona watu mnatugeuza mnavyotaka, mkubwa anashushwa, mdogo anapandishwa, na hakuna anayetuuliza.

Sasa nikuambie kitu ambacho sijakuambia. Aluoch alipofika hapa kutoka mazishini alikuwa hasemi. Alikuwa anakaa chini ya meza yangu ya kupigia pasi, ameshika mguu wa meza. Sikumbembeleza, sijui kubembeleza. Nilimpa amri ndogo ndogo. Leta kikombe. Tazama kuku wameingia wote. Piga saluti. Siku aliyocheka ni siku aliyopiga saluti kwa mkono wa kushoto, mimi nikampigia ya kushoto pia. Tangu hapo alianza kutoka chini ya meza kidogo kidogo, na leo anaimba vibaya mtaa mzima unamsikia. Ukimng'oa hapa atarudi chini ya meza, tofauti ni kwamba itakuwa meza yako.

Nampenda, Rosebella. Nampenda kuliko nilivyopata nafasi ya kumpenda Bonny, maana Bonny nilimlea nikiwa zamu.

Simtoi. Mwambie Bonny, waambie na wazee wa ukoo, simtoi. Ukitaka kujua kama naweza, njoo uone kwa macho yako.

Lanyero


Kisumu
9 Machi 2025

Lanyero,

Hilo la meza ulipaswa kuniambia mapema.

Nakuja. Nitapanda na Okullo wiki ya kabla ya Pasaka, nikae siku chache. Usinipigie simu kuuliza saa, nitafika nitakapofika. Nitaona kwa macho yangu kama ulivyosema, na nikiona ninachofikiri nitakiona, tiketi ya pili nitaikata huko huko. Nguo zake zifue.

Rosebella


Kawempe, Kampala
24 Aprili 2025

Wifi yangu,

Uliondoka bila kuaga. Nilirudi kutoka kumpeleka mtoto shule nikakuta kitanda kimetandikwa, na ile leso uliyomletea imekunjwa juu yake. Safinah ndiye aliyeniambia, "Ule mama ya Kenya nakwenda na boda. Nalia." Nikajua umekwenda unalia kutafuta basi lolote, maana Okullo hakuwa na zamu siku ile.

Ulikuja kunipima, na mpaka Jumanne nilikuwa naona unakaribia kukubali. Ulikula, ulicheka na Kuruta akipiga kwata, ulisema nyumba yangu ni safi kama kituo cha polisi. Nakuandikia kuhusu Jumatano. Usipoitaja wewe nitaitaja mimi.

Tulikuwa tunatoka Owino watatu. Wewe umemshika Aluoch mkono, mko pembeni ya barabara, mimi nyuma na mfuko wa mchele. Boda ikaja upande usio wake, inapiga honi, inapiga honi. Aluoch anakuvuta, anasema, "Dani, simama! Dani!" Na wewe unaendelea kutembea huku unamsimulia habari za mama yenu. Nilidhani ni ukaidi. Nikatupa mfuko, nikapiga ile sauti ya uwanja wa gwaride. Wachuuzi walisimama, wabeba mizigo walisimama, kila mtu pale alisimama isipokuwa wewe. Nikakimbia. Niliwashika wote wawili tukaanguka kwenye maganda ya machungwa, na boda ikapita inatutukana. Wewe ukanitazama ukasema, "Mbona umenisukuma?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Simu usizopokea. Mtandao mbaya. Namna ulivyokuwa ukinitazama mdomo tangu ufike, na mimi nikadhani unaangalia meno niliyopoteza. Aluoch alikuwa ameshajua tangu siku ya kwanza, ndiyo maana alikuwa akikugusa bega kabla ya kusema. Alipokuwa ananisafisha goti nilimuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema, "Jaja, Dani hataki watu najua."

Sasa nisome vizuri. Najua kwa nini ulikimbia. Unafikiri nitamwandikia Bonny, nimwambie tazama, anayetaka kumlea mtoto wako hasikii honi. Una haki ya kuogopa, maana kwenye ugomvi mimi si mpole. Lakini sitaandika. Tunajua watatu, na hakuna wa nne atakayejua kutoka kwangu. Nataka mtoto abaki hapa kwa sababu hapa ndipo alipopona, sitaki apatikane kwa sababu ya masikio yako.

Na ili tuwe sawa, nakupa la kwangu. Lile anguko limeharibu goti tena. Nimemwomba Safinah anirudishie fimbo, na mbuzi wake sasa wanafanya wanavyotaka. Kilima cha shule napanda polepole. Aluoch anatangulia, anageuka, ananingoja, tunaendelea. Okidi ameniona na fimbo, akafungua mdomo, nikamtazama, akaufunga. Ukitaka kumwambia Bonny habari hiyo, mwambie, ni kweli tupu. Bado nasema simtoi, na nasema hivyo nikiwa na fimbo mkononi.

Kuna jambo moja nataka unijibu, kama wifi, si kama mkubwa wa ukoo. Ulikuwa unamtaka Mama wa nini?

Lanyero


Kisumu
11 Mei 2025

Lanyero, mke wa ndugu yangu,

Swali lako nimelipata. Nilianza barua nikaichana, maana nilikuwa nimejaza mambo ya ukoo, na jina, na kaburi la mama yake. Yote ni kweli lakini hayakuwa jibu.

Sikio la kushoto lilikwenda kwanza, la kulia likafuata. Kanisani naona midomo inafunguka, wenzangu wakisimama nasimama, wakikaa nakaa. Watu wanabisha hodi sijui, wanaondoka wakisema Rosebella siku hizi ana maringo. Nimeona afadhali maringo kuliko ukiziwi. Nyumba imenyamaza, Lanyero. Huwezi kujua, wewe unayelalamikia kelele za Kawempe. Nikafikiri Mama akija atakuwa ananiambia, Dani kuna mtu mlangoni, Dani chungu kinachemka, Dani mvua imeanza, nguo ziko nje. Nilijiambia namchukua nimlee. Si kweli. Nilimtaka yeye anilee mimi. Nilitandika kitanda cha mtoto nikawa namngoja mama.

Halafu nikakuandikia wewe kwamba umezeeka. Nimeona aibu, na nimekuwa nikiiona kila siku tangu nirudi.

Pale barabarani mtoto alinivuta kwa nguvu zake zote, na nguvu zake ni za mtoto. Wewe ulinitupa chini kama gunia. Njia nzima ya kurudi nilikuwa nakasirika juu ya gauni langu lililochafuka, mpaka tulipovuka mpaka wa Busia nikajiuliza nakasirikia gauni gani, na mimi nimetoka pale mzima, na Mama mzima, na goti lililoumia ni la mtu mwingine.

Wiki iliyopita nimekwenda kupimwa. Kuna kifaa cha kuvaa sikioni, wanasema kitanisaidia kiasi. Nilikuwa nimekikataa miaka miwili, nikasema ni vitu vya wazee. Nitakivaa. Likizo ya Agosti njooni huku, Mama na wewe na fimbo yako. Kitanda bado kimetandikwa. Nataka kusikia anavyoimba vibaya. Na leteni odii, ile imekwisha.

Bonny nimemtumia ujumbe leo asubuhi. Masikio sikuyataja, wala goti. Nimemwambia sisi wazee tumekubaliana, mtoto akae Kawempe, akae na mtu mzima. Yeye atadhani namaanisha mama yake amezeeka, na adhani hivyo. Wewe lisome neno hilo kama ulivyolisoma mara ya kwanza.

Wifi yako,
Rosebella